Miguu ya Spesiosa na Taa za Ziwani

Jumatatu, 16 Oktoba

Atakayeokota daftari hili ajue kwanza limeandikwa na nani. Mimi ni Kasiani wa Kibirizi, fundi nyavu. Miaka ishirini na sita sasa, hakuna dagaa aliyetoka ziwani upande huu bila kupita kwenye fundo la mkono wangu. Watu wa Dar es Salaam wakila dagaa wa Kigoma wakasifu, wananisifu mimi bila kujua. Nikilala siku mbili na homa, mkoa mzima unakula maharage. Shule niliishia darasa la tano, na si kwa ujinga. Mwalimu alikuwa ameishiwa vitu vya kunifundisha.

Daftari nimelinunua leo kwa kazi maalumu. Mpwa wangu Spesiosa, mtoto wa marehemu dada yangu, ameletwa kwangu ana mimba ya miezi saba. Mumewe Noel ni mwalimu, kahamishiwa Kakonko huko ndani, hawezi kuja mpaka shule zifungwe. Mke wangu Carmen yuko Kasulu anapanda mahindi na maharage, na hatarudi mpaka amalize palizi. Kwa hiyo nyumba imebaki na mimi, na Spesiosa, na miguu ya Spesiosa.

Miguu naitaja peke yake kwa sababu imevimba. Asubuhi ni miguu ya mtu. Ikifika jioni kifundo hakionekani, na akibonyeza kwa kidole panabaki shimo kama kwenye ugali wa muhogo. Carmen kaniambia kwa simu, "Baba Adolf, wewe chemsha maji tu. Usimtibu mtoto wa watu." Nikamjibu sawa.

Kesho naanza kutibu.

Jumanne, 17 Oktoba

Huwezi kutibu usichopima. Nimekata uzi wa nyavu, ule mwembamba. Kwetu mjomba hashiki miguu ya mpwa wake, kwa hiyo nampa uzi mlangoni, anauzungusha mwenyewe juu ya kifundo, anafunga fundo pale unapokutana, ananirudishia nimegeuza uso. Nimeutundika kwenye msumari karibu na picha ya Bikira Maria. Tutapima kila Jumapili jioni.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimetumia akili ya kazi. Samaki ukimtia chumvi anatoa maji yote aliyonayo. Mguu nao una maji. Nimejaza beseni chumvi kavu ya Uvinza, Spesiosa akazika miguu humo muda wa kusali rozari nzima. Miguu imetoka imekunjamana kama ya bibi kizee, inawasha, na uvimbe upo palepale. Spesiosa kasema, "Mjomba, bado kunianika juani tu, niuzwe kwa kilo."

Genoveva kasikia, kacheka mpaka kashika uzio. Huyu ndiye jirani yangu, Mama Meshack, ana vichanja vya dagaa upande wa pili. Mwanamke wa miaka sitini, masikio yake yanafika Ujiji.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua kidogo. Nimemwambia Spesiosa apunguze kunywa maji. Mtumbwi ukijaa huongezi maji.

Jumapili, 22 Oktoba

Uzi: umeongezeka nusu kidole. Chumvi inachelewa kufanya kazi.

Jioni tulikaa nje, yeye miguu juu ya rundo la nyavu, mimi nashona. Mwezi bado haujapevuka, maboti yalikuwa yametoka na taa zao, maana mwezi ukipevuka dagaa hawafuati taa. Spesiosa anapenda kuziangalia. Anasema ni kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Akaniuliza ziko ngapi. Nikahesabu, nikampa jibu: sitini na nne.

Macho yangu yanajulikana. Siku ya mbingu safi naona mpaka Kongo, na naona mama wa Kikongo anakaanga maandazi na naweza kusema kama yameiva. Genoveva akauliza kutoka kwake, mbona uzi naulamba mara tatu kabla haujaingia kwenye sindano. Mwanamke akikosa mchuuzi wa kubishana naye Jumapili, anakubishia wewe.

Jumatano, 25 Oktoba

Kliniki. Nimempeleka mwenyewe kwa bajaji ya Thobias. Nesi anaitwa Elinipa, Mpare wa Same, kaletwa huku na serikali, anaongea taratibu kama mtu anayepima sukari. Kampima Spesiosa presha, mkojo, tumbo. Vyote vizuri. Kisha akauliza nyumbani anatumia nini kwa miguu. Nikamweleza utaratibu wangu wote, na chumvi, na ule wa kupunguza maji.

Akasema maji anywe tena mengi, maana mwili ukinyimwa maji unang'ang'ania yale uliyonayo. Chumvi ipungue kwenye chungu, na kwenye beseni isirudi tena. Alale kwa ubavu wa kushoto. Akikaa, miguu iinuliwe juu ya mto. Asisimame muda mrefu, ila atembee kidogo asubuhi na jioni, akikaa azungushe vifundo kama anayekanyaga cherehani. Viatu vya kubana aache. Na ziwa si liko mlangoni kwetu? Basi jioni aingie majini mpaka magotini, asimame robo saa, maji yenyewe yatausukuma uvimbe juu. Kukandwa na mafuta ni vizuri, kwa mkono mwepesi, kutoka chini kwenda juu.

Nikamwambia yote hayo nilikuwa nayajua, nilikuwa nangoja tu ayathibitishe.

Akasema, "Baba, una daftari? Basi andika hili kwa herufi kubwa." Nimeliandika: MIGUU KUVIMBA JIONI NI KAWAIDA KWA WENGI. AKIVIMBA USO NA VIDOLE VYA MKONO, KICHWA KIKIUMA KISIACHE, MACHO YAKIONA VIMULIMULI, HAPO HAKUNA BESENI WALA MAFUTA. NI HOSPITALI SAA ILEILE.

Mwandiko umetoka mzuri.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mwezi umepevuka. Maboti yote yamepandishwa mchangani yamefunikwa kifudifudi, wavuvi wanalala, na mimi ndiyo nina kazi. Nyavu kumi na mbili uani.

Jumapili, 29 Oktoba

Uzi: umepungua nusu kidole. Nani kama mimi.

Alhamisi, 2 Novemba

Viatu vyake vyote vimegoma. Nimempa kandambili zangu. Zimemtosha kabisa, na mimi navaa namba kumi. Akacheka akalia kidogo, akasema Noel akija atamkuta mke ana miguu ya mjomba. Nikamwambia atakuwa kapata faida.

Jumatatu, 6 Novemba

Sasa kila saa kumi na moja jioni anaingia ziwani, pale wanawake wanapooshea vyombo. Anasimama maji magotini, khanga kaikunja, anafumba macho. Anasema ni kama kuna mtu anamvua soksi za moto.

Mimi nasimama pembeni na kasia kwa ajili ya mamba. Wanawake wakasema hapa hakuna mamba. Nikawaeleza kwamba hawapo kwa sababu yangu. Mwaka ule wa mafuriko nilimkuta mmoja amekamata wavu wa mvuvi Bwana Ndayiragije, nikamfunga mdomo kwa fundo moja la kushona, akarudi majini akiomba msamaha kwa macho. Wenzake waliona. Tangu hapo hakuna aliyekuja Kibirizi. Mmoja wa wanawake akaniuliza alifunguliwa na nani ili ale. Sikuwa nimefika huko kwenye hadithi.

Alhamisi, 9 Novemba

Mvua kutwa.

Ijumaa, 10 Novemba

Mvua. Dagaa wa Genoveva wameanza kunuka kwenye vichanja. Nimemsaidia kufunika turubai. Hakushukuru, kaniambia nimelifunika kinyume.

Jumapili, 12 Novemba

Uzi: umepungua kidole kizima tangu mwezi uliopita. Nimewaonyesha wavuvi. Bwana Ndayiragije kasema nifungue zahanati. Kasema kwa kutania, lakini wazo si baya.

Taa leo: themanini na moja.

Tumezungumza jina. Kwetu mtoto akizaliwa katika nyumba ya mjomba, mjomba hasahauliki. Akiwa wa kiume ni Kasiani. Akiwa wa kike ni Kasiana. Spesiosa kasema tutaona. Hiyo kwake ni ndiyo.

Jumatano, 15 Novemba

Genoveva kaanza kumkanda kwa mawese. Anayapasha kidogo kwenye sufuria, anaweka kwenye viganja, anapandisha kutoka vidoleni hadi gotini, polepole, anaimba kwa Kiha ule wimbo wa kubembeleza. Mimi nilikaa nje ya mlango nimegeuka, nikawa natoa maelekezo. Pandisha, usishushe. Mkono mwepesi. Baada ya muda akasema, "Kasiani, kama unaona kwa kisogo ingia ukande wewe." Spesiosa alikuwa amelala tayari.

Genoveva alipotoka hakwenda kwake moja kwa moja. Alikaa kwenye ngazi, akafuta mikono, akasema huyu anafanana na mama yake.

Dada yangu Niyokwizera alikufa akijifungua mtoto wa pili. Walisema alivimba, kisha akatetemeka, kisha basi. Mimi nilikuwa ziwani. Spesiosa alikuwa na miaka mitatu. Hilo siandiki zaidi.

Jumapili, 19 Novemba

Uzi: palepale. Taa: sabini kamili. Spesiosa kabisha kwamba zile si sabini, ni kama thelathini. Nikamwambia nyingine ziko nyuma ya zile za mbele.

Jumatano, 22 Novemba

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Mvua ya jana imekata barabara, maji yamepita juu ya daraja dogo, Thobias kagoma kupitisha bajaji. Nimempigia Nesi Elinipa. Kasema kama hana dalili, aje Jumanne ijayo. Akauliza zile dalili moja moja. Nikamwambia miguu imepungua, ushahidi uko msumarini.

Spesiosa kavua pete ya ndoa, inambana. Nimemfungia shingoni kwa uzi wangu. Sasa uzi wa Kasiani unashika mpaka ndoa.

Jumamosi, 25 Novemba

Kichwa kimemuuma tangu asubuhi. Ni moshi, kuni zimelowa. Barabara imepitika.

Jumapili, 26 Novemba

Uzi: haujawahi kuwa mfupi hivi tangu tuanze. Nimekaribia kupiga kengele ya kanisa. Spesiosa mwenyewe kanawiri, uso umejaa umekuwa wa mviringo, kama mwezi huu unaotoka sasa nyuma ya vilima. Chai hakumaliza. Kasema kichwa bado.

Jumanne, 28 Novemba

Hii naiandika hospitalini, kwenye benchi, kuhusu jana.

Jana saa moja jioni tulikaa nje kama kawaida. Mvua ilikuwa imeacha, mbingu imeoshwa. Spesiosa miguu juu ya nyavu, mkono mmoja kwenye paji la uso. Genoveva alikuwa kwake anakunja turubai. Mwezi mpevu ulikuwa umeshatoka nyuma yetu, mchanga wote mweupe.

Spesiosa akasema, "Mjomba, leo maboti yametoka mengi. Taa zimejaa mpaka huku karibu."

Sasa hapo ndipo palipohitaji mtu anayelijua ziwa. Daktari asingejua. Mwezi ulikuwa mpevu. Hakuna boti lililotoka, hakuna atakayetoka siku kama ile, yote yalikuwa kifudifudi mchangani hatua ishirini kutoka tulipokaa. Zile taa hazikuwa ziwani. Zilikuwa kwenye macho yake.

Nikalifungua daftari hili kwenye herufi kubwa. Uso. Vidole, na pete shingoni. Kichwa siku tatu. Vimulimuli. Vitatu vya kwanza nilikuwa nimeviandika kwa mkono wangu mwenyewe, kimoja kimoja, kila kimoja na tarehe yake, na nikavipita kama mtu anayehesabu nyavu za jirani. Nilikuwa nimeshika uzi wa miguu, nikaacha mwili mwingine wote bila mlinzi.

Genoveva alimshika mkono, mimi nikampigia Thobias. Akafika na bajaji kabla sijavaa viatu, nikaenda peku, maana kandambili zangu anavaa mgonjwa. Njiani Spesiosa akaniuliza, "Mjomba, mama naye aliona taa?" Nikamwambia mama yako hakuwa na mtu wa kumwambia. Sijui kama nilijibu vizuri.

Walimpima presha, mia moja sabini na kitu. Mkojo haukuwa mzuri. Wakamwekea dripu ya dawa ya kuzuia degedege. Daktari ni kijana mpole, kaeleza kwamba ni ugonjwa wa mimba, unakuja wenyewe, haukuletwa na chumvi wala na beseni, na miguu inaweza kupungua huku ugonjwa wenyewe unapanda. Nikauliza mara mbili kuhusu chumvi. Akarudia mara mbili. Akasema wakishaituliza presha watamtoa mtoto, maana dawa ya ugonjwa ule ni kuzaa. Wiki zake thelathini na sita zinatosha.

Nesi Elinipa kapita asubuhi akiwa na kitenge kichwani, hakuwa zamu. Kauliza nani alishtuka kuhusu macho. Nikasema ni sisi nyumbani.

Jumatano, 29 Novemba

Saa nne na nusu asubuhi. Mtoto wa kike, kilo mbili na robo. Kalia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Mama anaongea.

Nimetoka nje nikaegemea ukuta. Macho yalikuwa yananitoka maji, nilidhani ni jua.

Jumapili, 3 Desemba

Bado wako wodini, presha inashuka polepole. Nesi kasema hatari haiishi siku ya kuzaa, wanamwangalia. Miguu baada ya kuzaa imevimba kuliko mwanzo, wanasema ni kawaida, itaondoka yenyewe. Sikwenda na uzi.

Jumatano, 6 Desemba

Wamerudi nyumbani. Mvua. Genoveva kaleta uji.

Jumapili, 10 Desemba

Carmen karudi, Noel kafika, shule zimefungwa. Noel kanishika mikono yote miwili akashukuru mpaka nikachoka. Wavuvi wamekuja kuniona kama nimetoka kushinda uchaguzi. Bwana Ndayiragije kanitaka nieleze jinsi nilivyogundua, nikaeleza. Mara ya tatu nilipoeleza, nilimwona Genoveva mlangoni ameshika kikombe. Mwanamke ambaye hajawahi kuniachia hata dagaa mmoja, kanywa chai yake akatazama ziwa.

Vifundo vya Spesiosa vimerudi. Kanirudishia kandambili.

Jumamosi, 16 Desemba

Leo wametangaza jina. Mtoto anaitwa Genoveva.

Watu wamegeuka kunitazama. Carmen kanikanyaga mguu kwa chini nisiseme. Bwana Ndayiragije kauliza wazi: mtoto kazaliwa nyumba ya mjomba, mjomba ndiye aliyemwokoa, sasa jina la jirani limetoka wapi? Spesiosa kajibu kwa upole kwamba bibi alimkanda. Akanitazama, akatabasamu, akainama kwa mtoto. Anajua. Tangu siku ile anajua, na hajamwambia mtu, hata mumewe.

Kwa hiyo naandika hapa, maana daftari halina mdomo.

Mbele ya goti langu, ziwa ni ukungu mtupu. Huu ni mwaka wa nne. Nyavu nazishona kwa vidole. Nesi Elinipa kaniandikia karatasi ya kwenda kupimwa macho, iko chini ya godoro. Taa za dagaa sijaziona hata moja msimu huu wote.

Jioni ile Spesiosa aliposema taa zimejaa, sikukumbuka mwezi. Nilinyoosha shingo, nikaanza kuhesabu kwa kidole. Nilihesabu mpaka mwisho, nikamtajia. Ni Genoveva aliyeacha turubai, akaja mpaka kwenye uzio, akasema taratibu, "Kasiani, unahesabu nini? Maboti si haya yamelala hapa?" Kisha akamtazama Spesiosa usoni, akaruka uzio, na umri ule.

Nilikuwa nimezipata thelathini na saba. Na nilimwambia moja ni ya kijani.